Namna ya Kumteua Mkuu wa Kitengo cha Usalama na Afya Kazini katika Taasisi ya Umma: Mwongozo Kamili kwa Taasisi za Mombasa

Mwongozo huu unawahusu wale waliokabidhiwa jukumu la kumtafuta mkuu wa kitengo cha usalama na afya kazini katika taasisi ya umma: wajumbe wa bodi za mashirika ya umma, wanachama wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, maafisa wa rasilimali watu, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanaoalikwa kutoa maoni. Umeandikwa kwa kuiangalia Mombasa, kwa kuwa ni mji ambao mtumishi wa umma anaweza kuumia kazini kwa njia nyingi mno: katika gati za Kilindini ambako kontena huinuliwa usiku na mchana, katika mitaro ya maji taka, kwenye kivuko cha Likoni, katika karakana za magari ya zimamoto, katika wodi za hospitali ya rufaa, na kwenye jaa la Mwakirunge ambako wazoaji taka hufanya kazi jua likiwa utosini.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, kwa sababu kila hatua itakayofuata imejengwa juu yake. Kiongozi wa usalama kazini hupimwa kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kama anaweza kuisimamisha kazi yenye hatari huku mkubwa wake akitaka iendelee, kisha kesho yake akarudi ofisini cheo chake kikiwa palepale. Uwezo huo hautokani na ujasiri wake peke yake. Sehemu kubwa hutokana na yale ambayo taasisi imeyaandika na kuyatia saini kabla hata jina la mtu halijatajwa, na hapo ndipo uteuzi mwingi huharibika: jina hutafutwa kwanza, ndipo watu wakaanza kuulizana mwenye jina hilo atafanya nini.

Hatua ya kwanza: kukitambua chombo kinachotafutiwa kiongozi

Nchini Kenya kuna vyombo kadhaa ambavyo watu huvichanganya. Kipo chombo cha taifa, yaani idara iliyo chini ya Wizara ya Leba, inayoongozwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Maafisa wake ndio wenye mamlaka ya kisheria ya kuingia mahali pa kazi, kukagua, na kutoa amri ya kusimamisha shughuli au ya kurekebisha kasoro. Ipo pia kamati ya usalama na afya ya mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aiunde kamati hiyo, na kanuni za mwaka 2004 zinataka wawakilishi wa menejimenti na wa wafanyakazi walingane kwa idadi: wasiopungua watatu kila upande katika taasisi ndogo, na zaidi ya hapo kadiri wafanyakazi wanavyoongezeka.

Chombo cha tatu, ambacho ndicho kiini cha mwongozo huu, ni kitengo cha taasisi yenyewe. Hicho ndicho kinachofanya kazi ya kila siku: kutathmini hatari, kuandaa mafunzo, kuchunguza ajali, kutunza kumbukumbu, na kuiwezesha kamati kukutana ikiwa na taarifa za kweli mbele yake. Jopo likishindwa kutofautisha vyombo hivi litaandika tangazo linalomwahidi mwombaji mamlaka ambayo ni ya mkaguzi wa serikali, au litamteua mtu na kumtaka awe pia mkaguzi wa nje wa taasisi ileile. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinataka ukaguzi wa kina ufanywe angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri wa usalama na afya aliyesajiliwa. Mkuu wa kitengo ndiye ambaye kazi yake inakaguliwa na mshauri huyo, kwa hiyo si sawa ajikague mwenyewe na kujipa alama.

Wapo maafisa wanaodhani kwamba sheria hii iliwekwa kwa ajili ya viwanda na kwamba ofisi za umma zimesamehewa. Sheria inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, iwe kwa muda au kwa kudumu. Soko la Kongowea lina wafanyakazi. Kituo cha afya kina wafanyakazi. Kibarua wa siku moja anayezibua mtaro naye yuko kazini.

Hatua ya pili: kuyaandika mamlaka kabla ya kulitafuta jina

Hatua hii ndiyo ninayoomba ipewe muda mrefu kuliko zote. Kabla ya tangazo kutoka, bodi au Katibu wa Kaunti atie saini waraka mfupi unaojibu maswali manne.

Swali la kwanza ni mkuu huyu ataripoti kwa nani. Katika taasisi nyingi kitengo cha usalama huwekwa chini ya idara ya uhandisi, ya uendeshaji au ya rasilimali watu. Matokeo yake ni kwamba mtu anayepaswa kusema mtambo fulani ni wa hatari huwa anapimwa utendaji wake na yuleyule anayeuendesha mtambo huo. Pendekezo langu ni kwamba aripoti moja kwa moja kwa afisa mkuu mtendaji, na awe na ruhusa iliyoandikwa ya kufikisha taarifa kwa bodi pasipo kupitia kwa mtu mwingine.

Swali la pili ni kama ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Jibu la "atashauri" halitoshi. Waraka useme wazi kwamba akiona hatari inayoweza kuua au kujeruhi vibaya wakati wowote, anaweza kuamuru shughuli hiyo isimame mara moja, na kwamba anayetaka kuitengua amri yake atafanya hivyo kwa maandishi, kwa jina lake na saini yake. Kipengele hiki cha saini kina nguvu kubwa. Si wengi walio tayari kuandika kwamba waliujua ubovu wa ngazi na bado wakaamuru mtu apande.

Swali la tatu ni bajeti. Mkono mtupu haulambwi, na mkuu wa kitengo asiye na fungu lake atalazimika kupiga magoti mbele ya kila idara akiomba fedha za mafunzo, za vipimo vya hewa au za uchunguzi wa afya za wafanyakazi. Fungu hilo liandikwe katika makadirio ya mwaka kwa jina la kitengo.

Swali la nne ni ulinzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 236, inakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa sababu ya kutekeleza majukumu yake kwa mujibu wa sheria. Waraka wa taasisi uirejelee ibara hiyo na useme kwamba mkuu wa kitengo hahamishwi wala kushushwa cheo kwa sababu ya taarifa aliyoitoa. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, uliweka msingi kama huu kwa wakaguzi wa kazi wa serikali, kwamba wawe na uthabiti wa ajira na wasitikiswe na mabadiliko ya serikali wala shinikizo lisilofaa kutoka nje. Mkuu wa kitengo cha ndani si mkaguzi wa serikali, lakini shinikizo linalomkabili ni lilelile, tena liko karibu naye zaidi.

Anayeona kwamba haya ni makaratasi tu na atafakari yaliyotokea Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, katika eneo la Mikindani. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katika kitongoji hicho, alionya mapema kuhusu sumu ya madini ya risasi, lakini onyo lake halikuwa na mamlaka ya kuisimamisha kazi hata kwa siku moja. Wafanyakazi na wakazi wakadhurika. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa walioamriwa kulipa zilikuwamo taasisi za serikali. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi wa Desemba 2024. Onyo lilikuwapo, na aliyelitoa alikuwa ndani ya kiwanda. Kilichokosekana ni cheo ambacho maneno yake yangelazimisha mtu kutenda.

Hatua ya tatu: kuandika sifa zinazolingana na kazi

Sifa ziandikwe kwa kuitazama kazi yenyewe, na maafisa wanaoijua kazi washirikishwe. Shahada katika usalama na afya kazini, afya ya umma, uhandisi, kemia au taaluma inayokaribiana ni msingi mzuri. Uzoefu uandikwe kwa aina zaidi ya miaka: mtu aliyefanya tathmini ya hatari katika maeneo yenye mitambo, kemikali au magonjwa ya kuambukiza ana thamani kubwa kuliko aliyekaa miaka mingi akisambaza kofia na viatu vya kazi.

Mombasa ina mahitaji yake. Mwombaji awe anaelewa madhara ya joto na unyevu kwa mtu anayefanya kazi nzito, hasa katika miezi ya Januari hadi Machi. Awe anajua hatari za kontena zilizofukizwa dawa ya kuua wadudu, ambazo huweza kumwangusha anayefungua mlango bila kupima hewa. Awe anajua hatari za kuingia ndani ya tangi au shimo lenye hewa chafu, kazi za juu ya maji, vumbi la nafaka na la klinka (malighafi ya saruji), na majeraha ya sindano hospitalini. Si lazima awe mbobezi katika yote, lakini asiwe mgeni wa yote.

Sifa mbili huachwa nje mara kwa mara, nami naziona za lazima. Ya kwanza ni uwezo wa kuandika taarifa inayoeleweka. Ya pili ni uwezo wa kueleza jambo la kitaalamu kwa Kiswahili fasaha mbele ya vibarua, madereva na wasafishaji. Utaratibu wa usalama unaoeleweka na mameneja peke yao haujamfikia mtu anayeweza kuumia.

Tahadhari moja: sifa zisiandikwe kwa kumpima mtu fulani ambaye tayari yuko ofisini. Tangazo linalotaka mwombaji awe amefanya kazi miaka saba katika kitengo chenye jina kama la kitengo hichohicho humwambia kila mtu kwamba mlango umekwisha fungwa.

Hatua ya nne: kuliunda jopo

Jopo la watu watano linatosha. Wawemo mwakilishi wa bodi, mtaalamu wa usalama na afya kutoka nje ya taasisi, afisa wa rasilimali watu, mtu anayezijua shughuli za taasisi, na mwakilishi aliyependekezwa na wafanyakazi wenyewe kupitia chama chao au kupitia kamati ya usalama. Jinsia moja isizidi theluthi mbili, kama katiba inavyoelekeza.

Najua kwamba baadhi ya wakuu wa taasisi husita kumweka mwakilishi wa wafanyakazi katika jopo la kumteua afisa wa menejimenti, wakihofia kwamba mazungumzo ya faragha yatatoka nje. Hofu hiyo inatibika kwa kiapo cha siri ambacho wanajopo wote watatia saini. Hasara ya kumwacha nje ni kubwa zaidi, kwa kuwa mkuu wa kitengo anayeonekana kuwa mtu wa mabosi hataletewa habari za ajali zilizokaribia kutokea, na bila habari hizo kazi yake inakuwa ya kubahatisha.

Kila mwanajopo atangaze kwa maandishi uhusiano wowote alio nao na waombaji, wa damu, wa ndoa, wa biashara au wa kisiasa, mara orodha ya majina inapofunguliwa. Mombasa ni mji wa watu wanaojuana. Kumjua mwombaji si kosa, kosa ni kulificha hilo. Anayehusika kwa karibu ajiondoe, na kujiondoa kwake kuandikwe katika kumbukumbu.

Hatua ya tano: tangazo

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka nafasi zitangazwe kwa njia zitakazowafikia watu wengi kadiri inavyowezekana. Kwa vitendo, maana yake ni gazeti, tovuti ya taasisi, mbao za matangazo katika ofisi za kaunti ndogo, na vyama vya wataalamu. Wiki tatu ni muda wa kutosha. Tangazo litaje mshahara au daraja, litaje mtu atakayeripotiwa, na lieleze mamlaka yaliyoandikwa katika hatua ya pili, kwa kuwa mtaalamu mzuri atataka kuyajua kabla ya kuiacha kazi aliyo nayo. Litolewe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Kwa nafasi za kaunti, swali la wenyeji na wageni huibuka mapema. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii yenye wengi katika kaunti. Kanuni hiyo ni ya nafasi za kuanzia, kwa hiyo haifai kutumiwa kama kisingizio katika uteuzi wa mkuu wa kitengo. Hapa kinachotawala ni ibara ya 232 ya katiba, yaani ushindani wa haki na ustahilifu, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali, wanaume na wanawake, na watu wenye ulemavu.

Hatua ya sita: kuchuja maombi

Jedwali la alama litengenezwe kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa, kisha lisibadilishwe. Wanajopo wawili wampe kila mwombaji alama kila mmoja peke yake, na wakitofautiana sana wakae wajadiliane na waandike sababu. Watu watano au sita katika orodha ya mwisho wanatosha. Orodha hiyo itangazwe hadharani, na wananchi pamoja na wafanyakazi waalikwe kutoa taarifa kwa maandishi na kwa majina yao. Barua zisizo na jina zisitumiwe kumwangusha mtu. Zinaweza tu kuwapa wanajopo jambo la kuuliza.

Hatua ya saba: jaribio la uwanjani na mahojiano

Mahojiano ya chumbani peke yake humpendelea msemaji hodari. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba kila aliyefika katika orodha ya mwisho apelekwe kwanza mahali halisi pa kazi, apewe saa moja ya kutembea na saa moja ya kuandika. Chagua eneo lenye mchanganyiko wa hatari: karakana ya magari, ghala la dawa, jiko la hospitali, au sehemu ya soko yenye nyaya za umeme zilizoachwa wazi. Wote wapelekwe mahali pamoja, saa zinazofanana, na pasifagiliwe wala kupangwa upya kwa ajili yao.

Katika maandishi yao tafuta mambo matatu. La kwanza ni mpangilio wa uzito: je, ametenganisha hatari inayoweza kuua leo na kasoro inayoweza kusubiri mwezi ujao? Anayeanza na bango lililofutika rangi huku mtungi wa gesi uliolazwa kando ya moto ukitajwa mwishoni hajaelewa kazi. La pili ni aina ya suluhisho. Utaratibu wa taaluma hii ni kuiondoa hatari kabisa kama inawezekana, au kubadilisha kinachotumika. Ikishindikana, kuweka kizuizi cha kiufundi kati ya hatari na mtu. Kisha kubadilisha namna kazi inavyopangwa. Na mwisho kabisa kumvisha mtu vifaa vya kujikinga. Mwombaji ambaye jibu lake kwa kila tatizo ni glavu na barakoa ameanzia mwisho wa orodha. La tatu ni kama alizungumza na wafanyakazi aliowakuta. Msindikizaji aandike ni nani aliyewasalimu, akawauliza kazi yao inakwendaje, na akawasikiliza.

Ndipo waje kwenye mahojiano. Maswali ya ufafanuzi wa sheria yawe machache, kwa kuwa sheria inaweza kufunguliwa na kusomwa. Maswali ya hali halisi yawe mengi, nami natoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza: meli imechelewa gatini, gharama zinapanda kila saa, na meneja wa zamu anataka ndani ya tangi kusafishwe usiku huu ingawa kipimo cha hewa kimeharibika. Wewe ndiye mkuu wa usalama na umepigiwa simu saa nane za usiku. Utafanya nini? Jibu zuri halina mzunguko: hakuna anayeingia mpaka hewa ipimwe, na aliyekataa kuingia hataadhibiwa. Jopo limsukume kwa kumwambia kwamba mkurugenzi mwenyewe ameruhusu. Hapo ndipo tofauti kati ya waombaji huonekana.

Mfano wa pili: kibarua ameanguka ndani ya shimo la maji taka na mwenzake anataka kushuka kumvuta. Anayeijua kazi atasema mara moja kwamba mwenzake azuiwe, kwa sababu katika ajali za aina hii anayekufa wa pili mara nyingi ni yule aliyeshuka kuokoa. Kisha ataeleza maandalizi ambayo yangepaswa kuwapo kabla: kibali cha maandishi cha kuingia shimoni, kamba ya kumwinua mtu, mlinzi wa juu ambaye haondoki, na waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.

Mfano wa tatu ufanywe kwa Kiswahili hata kama mahojiano yote yanaendeshwa kwa Kiingereza. Mwombaji aambiwe kwamba mbele yake wameketi wasafishaji 20 wa hospitali, na ana dakika tano za kuwaeleza la kufanya mtu anapochomwa na sindano iliyotumika. Anayewatisha hafai. Anayewaheshimu, akawaambia waoshe jeraha kwa maji na sabuni, watoe taarifa mara moja na wapate tiba ya kinga bila kuchelewa, na kwamba hakuna atakayelaumiwa kwa kuripoti, huyo ana kitu ambacho mafunzo ya baadaye hayawezi kukitia kwa urahisi.

Kila mwanajopo atoe alama zake kimyakimya kabla ya majadiliano, na karatasi za alama zihifadhiwe.

Hatua ya nane: kuuliza alikotoka

Usiridhike na barua za sifa zilizoletwa na mwombaji mwenyewe. Kwa ridhaa yake, zungumza na msimamizi wake wa zamani na pia na mtu aliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali hapo. Omba mfano wa taarifa ya uchunguzi wa ajali aliyoiandika, ikiwa imefichwa majina. Taarifa inayohitimisha kwamba "mfanyakazi hakuwa makini" na kukomea hapo inaonyesha mtu asiyeuliza ni kwa nini mashine haikuwa na kinga, kwa nini zamu ilikuwa ya saa nyingi, au kwa nini aliyeumia hakuwa amefunzwa.

Jihadhari pia na mwombaji anayejivunia kwamba katika miaka yake yote hakukuwa na ajali hata moja. Inawezekana ni kweli, na inawezekana pia kwamba ajali hazikuandikwa. Muulize ni matukio mangapi madogo yaliyoripotiwa kila mwezi. Mahali ambapo watu wako huru kusema, matukio madogo huripotiwa kwa wingi.

Hatua ya tisa: vyeti vya uadilifu

Vyeti vya uadilifu vinavyodaiwa kwa ajili ya kutekeleza Sura ya Sita ya katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, kama vile kutoka kwa polisi, mamlaka ya ushuru na tume ya maadili, viombwe kwa yule ambaye taasisi imekusudia kumwajiri. Mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yaliondoa mzigo wa kuwatoza waombaji wote gharama hizo mapema. Vyeti vya taaluma navyo vithibitishwe na vyuo vilivyovitoa.

Hatua ya kumi: uamuzi na barua ya uteuzi

Jopo liwasilishe majina matatu kwa mpangilio wa alama, pamoja na maelezo mafupi ya nguvu na udhaifu wa kila mmoja. Mamlaka ya uteuzi yakimruka wa kwanza, yaandike sababu. Ibara ya 47 ya katiba inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa taasisi siku 21 za kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Kumbukumbu zilizotunzwa vizuri tangu hatua ya kwanza ndizo zitakazoiokoa taasisi iwapo shauri litafika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Barua ya uteuzi isiwe ile ya kawaida iliyobadilishwa jina. Iambatanishwe na waraka wa mamlaka wa hatua ya pili, ukiwa umesainiwa. Itaje muda wa majaribio na vigezo vitakavyotumika kumpima, na vigezo hivyo visiwe idadi ya ajali zilizoripotiwa, kwa kuwa kipimo hicho humfundisha mtu kuficha. Apimwe kwa tathmini za hatari zilizokamilika, kasoro zilizorekebishwa kwa wakati, wafanyakazi waliofunzwa, na mikutano ya kamati iliyofanyika.

Kama nafasi itakuwa wazi kwa kipindi fulani, kaimu ateuliwe kwa maandishi, naye apewe mamlaka yaleyale ya kusimamisha kazi. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inaweka ukomo wa miezi sita kwa mtumishi kukaimu. Kaimu wa miaka mitatu ni mtu anayejua kwamba anaweza kuondolewa kesho asubuhi, na si haki kumtazamia amzuie mkubwa wake.

Hatua ya kumi na moja: miezi sita ya kwanza

Siku ya kwanza afisa mkuu mtendaji amtambulishe yeye mwenyewe mbele ya wafanyakazi wa kila zamu, ikiwamo ya usiku, na asome kwa sauti kipengele cha mamlaka ya kusimamisha kazi. Jambo hili huchukua dakika chache, na huwaepusha watu na mabishano mengi wakati wa dharura.

Katika mwezi wa kwanza mkuu mpya ahakikishe kwamba mahali pa kazi pamesajiliwa, kwamba sera ya usalama imeandikwa na kubandikwa mahali inapoonekana, na kwamba kamati ipo na wajumbe wake wamepata mafunzo. Ahakikishe pia kwamba kila msimamizi anajua utaratibu wa kuripoti ajali: ajali ikiua mtu, afisa wa usalama na afya wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7; kwa ajali iliyojeruhi bila kuua, taarifa ya maandishi ipelekwe ndani ya siku 7. Miezi miwili inayofuata iwe ya kutembelea kila kituo na kuanza tathmini za hatari, akianza na kazi zinazoweza kuua. Mwezi wa sita awasilishe kwa bodi taarifa yenye orodha ya hatari, gharama ya kuziondoa, na jina la anayewajibika kwa kila moja. Bodi ijibu kila kipengele kwa maandishi, hata pale ambapo jibu ni kwamba fedha hazipo mwaka huu.

Malalamiko na kumwondoa aliyeteuliwa

Mwombaji wa nafasi ya kaunti asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu uamuzi kutolewa, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Taasisi iwajulishe waombaji wote haki hiyo katika barua ya kuwaarifu matokeo.

Mkuu wa kitengo aliyeshindwa kazi anaweza kuondolewa kama mtumishi mwingine yeyote, kwa kufuata utaratibu wa haki. Hata hivyo, kila pendekezo la kumwondoa liambatanishwe na orodha ya amri zote za kusimamisha kazi alizozitoa katika miezi 12 iliyotangulia, pamoja na majina ya waliozipinga, na orodha hiyo isomwe na bodi nzima kabla kura haijapigwa. Anayemrithi akabidhiwe kwa maandishi rejista ya hatari, taarifa za ajali zisizofungwa, na mapendekezo ambayo bado hayajatekelezwa, huku nakala moja ikibaki kwa katibu wa kamati ya usalama na afya.